Ilani Mbili za Sista Rehema

Jumatatu, 12 Januari

Dawa ya kupe imekwisha saa nne asubuhi. Wafugaji wameshuka mapema mwaka huu, ukame umewabana huko juu. Mkulima wa Ngao aliingia dukani kwangu kutaka mbegu za mahindi, akamkuta mfugaji ameegemea kaunta. Hawakusalimiana. Wote wawili wateja wangu wa miaka. Niliwauliza kwa zamu kura ya mwezi ujao watampa nani. Jibu moja kutoka vinywa viwili: "Tutaona."

Sikuwa nauliza kwa umbea. Jana baada ya kanisa Sista Rehema alinishika mkono. Anagombea wadi yetu kwenye uchaguzi mdogo, mgombea huru, hana chama. Muuguzi mstaafu; amezalisha nusu ya watu wa huku, na mimi nilipita mikononi mwake. Anataka nimwandikie ilani. Anasema wanaompenda anawajua, wasiompenda anawajua pia. Wanaomsumbua ni wale wa katikati. Niwaandikie hao.

Nilikubali kabla hajamaliza. Sijui hata ilani huanza vipi.

Jumatano, 14 Januari

Kurasa sita. "Maendeleo jumuishi." "Ugavi sawa wa rasilimali." Nilijisomea kwa sauti, nikajiona msomi.

Kisha nikamsomea mwendesha bodaboda aliyekuja kununua dawa ya kuku. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akaniuliza kama ninaomba kazi kaunti.

Kurasa nimezigeuza. Naandikia upande mtupu.

Ijumaa, 16 Januari

Nimegundua kosa. Nauliza "utampigia nani", na mtu anajifunga kama konokono. Leo nimebadilisha. Nauliza: mara ya mwisho ulipotoka kituoni na wino kidoleni, ulikuwa unafikiria nini njiani?

Ajabu. Watu wanasimama. Wanaweka mfuko chini. Mmoja alikuwa anawaza punda wake aliyepotea. Mmoja alimpigia mgombea anayependwa na mkewe, akaja kugundua mkewe alimpigia yule aliyedhani anapendwa na mume. Mama mmoja wa makamo alisema alilia, hajui kwa nini, akafika nyumbani akapika.

Nina daftari sasa. Nimewaita "watu wa tutaona". Nilidhani hawajali. Si kweli. Wengi wanajali kuliko sisi tunaopiga vigelegele. Wamechoka kudanganywa tu, wanaona haya kusema.

Jumapili, 18 Januari

Minjila, kwa kaka yangu Buya. Tumekula wali na kambare. Shamba lake liko ukingoni mwa mto, lile la marehemu baba. Mahindi, migomba, miembe miwili.

Katikati ya shamba kuna ukanda ambao migomba yake ni michanga kuliko mingine. Nimeupita tangu utotoni bila kuuliza. Leo nimeuliza. Buya akasema palikuwa malka. Njia ya ng'ombe kushukia mtoni kunywa maji. Baba aliilima baada ya ule mwaka wa vita vya wakulima na wafugaji, na hakuna aliyerudi kuidai.

"Usiandike hilo," akasema.

Sikumwahidi. Sikukataa pia.

Jumanne, 20 Januari

Hawo amenikalisha chini leo. Ni Muorma, wa wafugaji, anauza maziwa Garsen, na huwa anapumzisha vidumu vyake kivulini mwa duka langu. Nilimwuliza shida yao kubwa, nikitarajia aseme malka, kama wanaume wao wote. Akasema mamba.

Mwaka jana jirani yake alipoteza mkono akichota maji. Malka zilipozibwa na mashamba, ng'ombe na wanawake wamesongamana kwenye vishukio viwili vilivyobaki. Maji yanavurugika, mamba haonekani. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: wanawake wa Kipokomo, upande wa wakulima, wanachota palepale. Wanapishana na madumu kila asubuhi. Hawaongei, ila mmoja akiinama, mwingine humwangalilia maji.

Nilikwenda kwa wanawake wawili wakulima wa Ngao kuthibitisha. Ni kweli. Mmoja akasema, "Yule mwenye shuka ya kijani ndiye macho yangu." Hamjui jina. Nadhani ni Hawo; shuka yake ni ya kijani.

Nafikiri nimepata ilani.

Alhamisi, 22 Januari

Nimeandika kwa kikao kimoja. Malka tatu za zamani zifunguliwe. Zizungushiwe ua wa miiba kila upande, mahindi yasiguswe. Maji yavutwe kwa pampu ya jua mpaka juu: birika la kunyweshea ng'ombe, na bomba la kina mama. Asiwepo wa kushuka ukingoni. Anayekatwa shamba apewe shamba jingine kwanza, kwa maandishi, kabla mgomba mmoja haujaguswa. Kamati ya kila malka iwe na wanawake nusu, kutoka pande zote mbili.

Ukurasa mmoja na robo.

Malka ya kwanza kati ya hizo tatu inapita shambani kwa Buya. Nimeliandika jina la mahali. La kwake sikuliandika. Kana kwamba hiyo ni tofauti.

Ijumaa, 23 Januari

Bwana Jilo, binamu yake Sista, ndiye anayeendesha kampeni. Sista alikuwa vijijini. Jilo alisoma akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena.

"Esta, hii ni nzuri. Na itatumaliza."

Wakulima wakiona neno malka, wanatuhama wote. Wafugaji wakisoma ua na kamati, watasema tunawafunga. Ana dawa: karatasi mbili. Moja ya wakulima, moja ya wafugaji. Aya moja tu ibadilike.

Nilipaswa kukataa. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama inawezekana. Nilivuta kiti. Kwa wakulima nikaandika: "Hakuna njia mpya ya mifugo itakayokatwa mashambani." Kwa wafugaji: "Malka za zamani zitarudishwa." Hakuna uongo. Moja inasema mpya, nyingine inasema za zamani. Nilicheka peke yangu kwa ufundi huo. Jilo alinipigia makofi.

Tena ilinipunguzia safari ya kwenda kumwambia Buya.

Jumatatu, 26 Januari

Inafanya kazi! Watu wa tutaona wanasogea. Wanne kwenye daftari langu wamesema watampa Sista. Mfugaji mmoja mzee aliibusu karatasi. Wakulima wanaomba nakala za kupelekea jirani.

Nimepita Minjila. Buya ameibandika yake kwenye mlango wa ghala kwa misumari minne. Aliniita mbele ya mkewe: "Huyu ndiye aliyeandika."

Niliacha chai nusu, nikaaga.

Alhamisi, 29 Januari

Hawo amekuja bila vidumu. Akaweka karatasi mbili kwenye kaunta, ubavu kwa ubavu. Ya wafugaji nilimpa mimi. Ya wakulima aliipata Ngao, kwa wateja wake wa maziwa.

Sikujua kama anasoma. Miaka yote hii ninamsomea maandishi ya chupa za dawa, naye ananiacha nisome. Kumbe anasoma vizuri, polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kilitua kwenye "mpya". Kikahamia kwenye "za zamani".

"Hii inasema ng'ombe anapita. Hii inasema hapana. Dada Esta, ng'ombe yangu hajui kusoma. Afuate gani?"

Nilianza kumweleza tofauti ya mpya na zamani. Nilijisikia nikieleza.

Hakugomba. Alikunja zote mbili akaziweka kifuani. Akasema alikuwa ameshaamua, sasa hajui tena. Akaenda zake juani.

Nimejionea aibu. Sina neno jingine.

Ijumaa, 30 Januari

Nimefunga duka. Ngao kwa bodaboda, nyumbani kwa Sista. Nilimpa karatasi zote tatu: mbili za ujanja na ile ya kwanza. Hakuwa amezijua zile mbili. Jilo alimwambia ilani ni moja, na yeye alimwamini kama anavyomwamini kila mtu aliyekula kwake.

Alisoma akiwa amevaa miwani yake ya kazini. Uso haukuniambia kitu. Kisha:

"Miaka yote wodini sikumwambia mama jambo moja na mumewe jambo jingine. Walikuwa wanarudi nyumba moja."

Akaniuliza ninayoiamini ni ipi. Nikaigusa ya kwanza.

"Basi hiyo. Jumanne, Minjila, mbele ya wote. Nitaisoma mimi. Na wewe utakuwa pembeni yangu, wakuone uso."

Nilitegemea anifukuze. Hilo lingekuwa rahisi zaidi.

Jilo amejiuzulu kwa simu. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba watu wema hushindwa kwa sababu wanapenda kushindwa. Naligeuzageuza neno hilo. Je, ni kweli?

Jumapili, 1 Februari

Nimemwambia Buya kabla hajaisikia kwa watu. Nilimsomea aya nzima. Shamba jingine kwanza, kwa maandishi, ua, yote. Alisikiliza akinoa panga, taratibu, kama sipo.

"Migomba hii umeipanda wewe?"

Alikwenda kwenye mlango wa ghala, akang'oa misumari mmoja mmoja, akaikunja karatasi kwa nne, akanipa mkononi. Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. Yeye hapana.

Nimelia kwenye bodaboda. Upepo ulisaidia.

Jumanne, 3 Februari

Minjila. Wakulima upande mmoja wa uwanja, wafugaji upande wa pili, katikati vumbi. Sista alisema kwanza kuwa karatasi mbili zilitoka kwake, na kwamba asiyejua kinachotoka nyumbani mwake ana kosa pia. Akaomba radhi. Kisha akasoma. Mtu akitafsiri Kiorma, mwingine Kipokomo. Maneno yangu yalisikika marefu kuliko nilivyoyaandika.

Walizomea. Pande zote mbili. Kundi la vijana wa wakulima liliondoka kwa pamoja, na wazee watatu wa wafugaji wakainua fimbo zao wakaenda.

Halafu mtu akauliza upana. Malka ina upana gani?

Hapo ndipo kitu kilipogeuka. Si kwamba walitupenda. Walianza kuuliza. Ng'ombe akivunja ua nani anaujenga? Pampu ikiharibika? Hilo shamba la badala liko wapi, tuonyeshwe kwanza. Sista alipojua alijibu. Asipojua alisema hajui, nikaandika swali. Daftari limejaa.

Hawo alisimama akasema habari ya mamba. Kabla haijatafsiriwa, mama mmoja wa Kipokomo alikuwa ameshasimama upande wa pili kuunga mkono. Aliitambua ile shuka ya kijani. Watu walicheka, kwanza wanawake.

Buya alikuwa nyuma kabisa, mikono kifuani. Nilipotazama tena hakuwapo.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepiga kura. Foleni ndefu, jua kali. Njiani nikiwa na wino kidoleni nilijiuliza lile swali langu. Nilikuwa nawaza kama Buya amekwenda kupiga yake.

Ijumaa, 13 Februari

Tumeshindwa.

Kwenye sanduku la Minjila tuliongoza, pande zote mbili za uwanja zimo humo. Vituo vingine vimetuacha. Jilo alipita dukani. Hakunicheka, hilo namshukuru. Alisema kwa karatasi mbili tungepita. Huenda ni kweli. Sitajua kamwe, na hilo linaniwasha kuliko kushindwa kwenyewe.

Sista alimpongeza mshindi kwa simu, akamwambia ana maswali ya watu kwenye daftari akiyahitaji. Mshindi akasema atamtafuta. Kisha Sista akalala mchana mzima. Mkwewe anasema hajawahi kumwona akilala mchana.

Hawo amerudi na vidumu vyake. Alivikalisha pale pa siku zote. Nimempa kiti, na leo amesoma mwenyewe maandishi ya chupa, kwa sauti. Alisoma vizuri. Alikosea kipimo, nikamsahihisha, akanisahihisha jina la ugonjwa.

Jumanne, 17 Februari

Duka tulivu. Dawa ya kupe imefika.

Karibu saa tano Buya aliingia. Hatujasemezana tangu ile siku ya ghala. Akasalimia, akaulizia mbegu za kunde, akazishika bila kuzitazama. Nilimmiminia chai. Aliinywa.

Akaniomba ile karatasi. Ya kwanza, ile iliyosomwa Minjila. Nilimpa. Akasoma aya ya malka mara mbili, midomo ikicheza.

"Hapa ulipoandika hapapitiki. Mto ukijaa panakuwa tope, ng'ombe watazama mpaka tumboni. Malka yenyewe ilipinda, ikafuata mpaka wangu na wa jirani. Baba alinionyesha."

Nilimpa kalamu. Aligeuza karatasi, akachora mto kwanza, kisha miembe, kisha mstari mrefu uliopinda. Mteja aliingia, akasubiri, akasogea naye kutazama. Nilimwuliza Buya birika na bomba vikae wapi.

Akaweka duara karibu na mwembe wa pili. Alisema asubuhi mwembe ule unatupa kivuli upande huo, kina mama wasisimame juani na madumu.

Sikuwa nimefikiria kivuli.