Profesa Atazimikiwa na Gari Mlimani

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeitwa mwizi. Mimi! Mbele ya madereva wote wa kijiweni, mbele ya mama wa chai na birika lake mkononi.

Ilikuwa hivi. Pikapu ya baba mkubwa ilinizimikia tena, mara ya nne ndani ya wiki mbili. Inakwenda vizuri kama dakika ishirini na tano, halafu inakohoa, inakosa nguvu — kimya. Ukiiacha ipoe nusu saa, inawaka kama si yenyewe. Mnafiki mkubwa! Tukaivuta hadi gereji, palepale kijiweni. Profesa, fundi (hilo jina kajipa mwenyewe, na miwani kaokota), akachomoa filta, akanusa, akamwambia baba mkubwa: hii dizeli ina mafuta ya taa. Huyu kijana wako anafyonza, anauza, anajazia mafuta ya taa.

Baba mkubwa hakuniuliza hata neno. Alinyoosha mkono tu. Nikaweka funguo. Miaka miwili naendesha ile pikapu, sijagonga hata kuku! (Kuku mmoja. Alijitakia.)

Profesa, utakiona cha mtema kuni. Nimeandika, imeandikwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimetumwa sabuni. Kijiweni wamenipigia mluzi: "Mafuta ya Taa! Njoo utuwashie jiko!" Ndilo jina langu sasa. Nimecheka pamoja nao. Meno nje, moyo unachemka.

Profesa kafunga filta mpya, kasema gari limepona. Saa tisa limezima na yeye mwenyewe akiwa ndani! Sasa kasema ni nozeli. Na mimi wakati huo nilikuwa nyumbani naosha sufuria za bibi. Dizeli kaiba nani, jini? Nilimuuliza baba mkubwa hivyohivyo. Kasema mabaki yangu bado yamo tangini, na nifunge domo.

Domo nimefunga. Macho, la.

Alhamisi, 7 Machi

Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Lakini kichwa ninacho!

Baba mkubwa kaenda msibani, kurudi jioni. Pikapu iko uani. Funguo za nini? Ile inawaka hata kwa mpini wa kijiko.

Nimewaza hivi. Dizeli inatoka tangini, inapita kwenye bomba chini ya gari, inafika filta, inaingia pampu, inarushwa kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini. Njia ndefu, mgonjwa mmoja. Basi nikaikata njia katikati. Galoni la dizeli safi nikalifunga juu ya paa, mpira nikauteremsha moja kwa moja hadi kwenye filta. Tangi nimeliruka! Nikapampu kwa mkono hadi mapovu ya hewa yakaisha. Kijiko — nguruma! Nikaweka tofali kwenye pedali ya mafuta. Saa nzima. Haikupiga hata chafya.

Bibi kauliza toka barazani nani anawasha gari. Nikasema ni la jirani, bibi. Kasema jirani naye ana kikohozi kama chetu? Macho yangu ndiyo yameingia ukungu, mjukuu wangu, masikio bado mapya.

Haya. Pampu nzima, nozeli nzima. Profesa muongo. Ugonjwa uko nyuma, kati ya tangi na filta.

Ijumaa, 8 Machi

NIMEUPATA!

Baba mkubwa karudi tena msibani, nami nimelala chali uvunguni, tope hadi mdomoni. Bomba la chuma limekatwa katikati na kuungwa kwa — nilicheka hadi nikagonga paji la uso kwenye chesi ya gari — mpira wa maji! Wa kijani! Ule wa kumwagilia maua! Umefungwa kwa waya uliosokotwa mara tatu, mkono wa Profesa huo, namjua.

Ukiwa baridi ni mgumu, duara. Nikarudisha bomba la tangi kwenye filta, nikawasha injini nikangoja. Dakika ishirini na tano: umelainika, pampu inavuta, mpira umebonyea bapa kama utepe. Dizeli ipite wapi? Injini ikazima. Ulipopoa, ukajirudisha duara, mtakatifu kabisa.

Bomba hilo alilitengeneza yeye, mwezi uliopita. Ugonjwa kaleta yeye, mwizi nimekuwa mimi!

Kwa muuza spea nimechukua mpira halisi wa dizeli, nusu mita, na klipu mbili. Kazi ya dakika kumi. Sasa hivi naweza. Sifungi! Nikifunga kimyakimya, Profesa atasema: mnaona? Niliwaambia nimeiponya. Na mimi nitabaki Mafuta ya Taa hadi nazeeka.

Kutoka kwetu, dakika ishirini na tano ni katikati ya mlima wa soko. Kijiweni hasa! Acha limzimikie pale, yeye usukanini. Mwosha huoshwa.

Jumapili, 10 Machi

Kumbe kesho Profesa anampeleka bibi kwa daktari wa macho. Baba mkubwa kasema bora aendeshe fundi, likitokea lolote yupo.

Daktari mwenyewe anakuja mara moja kwa miezi mitatu. Mara iliyopita bibi alikosa namba. Anafunga saa sita mchana, hangoji mtu. Bibi kadi yake kalala nayo chini ya mto.

Nimeushika ule mpira mpya jioni nzima. Nimeukunja, nimeukunjua. Bibi ndiye pekee hakuniita mwizi. Alimwambia baba mkubwa: huyu? Huyu akiiba sukari, anarudi kuomba chai.

Lakini nimepanga, na mimi nikipanga nimepanga. Wanatoka saa tatu na nusu. Saa nne kasoro tano linazima mlimani. Namwacha Profesa atoke jasho dakika kumi, watu wajae. Halafu naingia uvunguni, nauchomoa ule wa kijani, nauinua juu kama nyoka aliyeuawa: "Mwizi wenu huyu hapa!" Dakika kumi nafunga mpya. Saa nne na nusu bibi yuko kwa daktari. Haumii mtu ila anayestahili.

Bibi kataka niende naye. Kasema mimi ndiye macho yake.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika nikiwa nyuma kwenye bodi. Profesa kasema mwizi hukaa na mizigo.

Limezima! Palepale! Mita mbili tu toka kwa mama wa chai! Mimi nabii!

Watu wakaja mbio. Nikangoja jasho. Jasho gani! Profesa kashuka taratibu, kaninyooshea spana mbele ya wote: kaingia tena tangini jana, huyu. "Mafuta ya Taa!" kijiwe kizima kikaitikia.

Basi nikasema, hapana. Uvunguni siingii hivihivi. Nikasimama juu ya bodi nikamwambia: Profesa, ubovu naujua ulipo, na mpira wake ninao mfukoni. Sema tu mbele ya hawa kwamba hukuniona nikiiba. Neno moja. Kasema tangu lini kifaranga kikamfundisha mama yake kutaga? Wakacheka hadi mama wa chai akaweka birika chini.

Nikakaa.

Saa tano sasa. Kafungua mabomba yote ya nozeli, hewa imejaa kila mahali. Betri inalia kinyonge. Angeliacha lipoe lingewaka lenyewe, lakini Profesa hajui kuacha. Zile dakika zangu kumi za kufunga mpira sasa ni ishirini, na zinaongezeka kila anaposhika spana. Fungua, Profesa. Fungua hata milango.

Mama wa chai kasema bibi apandishwe gari jingine. Profesa kasema dakika mbili tu. Kasema hivyo mara sita. Mimi nikaupapasa mpira mfukoni.

Bado watu hawajaondoka. Wameacha kucheka lakini. Mmoja kamuuliza kama kweli ni mafuta ya taa, mbona filta uliyoishika haina harufu? Nimemsikia! Profesa kaigeuza filta mkononi. Jasho hilo sasa. Linashuka shingoni, linaingia kwenye kola. Tamu!

Bibi kagonga kioo cha nyuma. Kavaa kanga mpya, kadi mkononi, anatazama upande ambao sipo.

"Mjukuu wangu, saa ngapi?"

"Bado mapema, bibi."

"Haya," kasema, kaegemea kiti.

Saa tano na dakika ishirini na tano; daktari anafunga saa sita. Profesa kaweka spana chini. Ananiangalia. Mdomo kaufungua. Sema, wewe. Watu wote wapo. Sema basi —