Ile ncha Kambale alichonga

Butembo, Jumapili, Siku ya Mungu. Ukungu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mpaka kwa mifupa.

Niko na wivu. Bora niandike wazi, sababu huku mtaa wetu wa Vulamba hakuna mutu naweza kumwambia.

Mama yetu anashonaka na mashini ya mukono, ya wakati wa ukoloni wa Babeleji. Fundi wa mashini hapa ni mimi, hata bashonaji ba mtaa wa Kimemi bananiletea zao. Lakini navette ya mama, kale kachuma kenye kubeba uzi wa chini, ncha yake ilikuwa imelika. Mashini ikaanza kuruka mishono. Piesi za kubadilisha za mashini ya vile hazipatikane tena, hata kule Kampala. Nikamwambia: mama, hii imekufa, tutatafuta mashini ingine ya Bachina.

Alilia. Bon, nikaona ni mambo ya bazee.

Kisha Kambale akapanda toka Beni kutusalimia. Kwetu Banande jina linasema nani alitangulia kuzaliwa: mimi ni Paluku, yeye ni Kambale, ananifuata. Kazi, marehemu baba alinifundisha, na mimi nikamufundisha yeye. Akatafuta soupape yenye kuzeeka, ile valvu ya injini ya pikipiki, chuma ngumu, akaikata, akachonga ncha mupya na tupa, akaishikisha kwa navette na shaba ya kuyeyusha. Jioni mama alikuwa anashona na kuimba.

Alirudi Beni, lakini tangu ile siku ni Kambale tu. Jirani akiingia: Kambale wangu. Tukikula: Kambale angekuwa hapa. Hata padri alipita kusalimia, akaonyeshwa mashini. Mimi mwenye kumuletea mama kuni na unga, niko pale kama kiti.

Leo mama alienda misa. Nikasema kichwa inaniuma, nikabaki, nikafungua mashini. Nilikuwa natafuta kosa, nisidanganye. Nikatafuta na kidole, nikatafuta na lampe, hakuna. Kazi yake ilikuwa safi kupita yangu.

Ile ndiyo iliniuma.

Nikashika tupa. Nikapitisha kidogo tu kwa ncha, pale mutu hawezi kuona. Nikafunga, nikanawa mikono.

Mama aliporudi hakukula hata, sababu batoto ba komunyo ya kwanza bangali banangoja marobe, nguo zao za kuvaa ile siku. Akakaa kwa mashini. Ikaruka mishono. Akabadilisha sindano, akajaribu tena, ikaruka. Mimi nilisimama kwa mulango, nangoja amulaumu Kambale, nifurahi.

Akanigeukia, akasema pole pole: « Paluku, usimwambie mudogo wako, itamuumiza sana. Nilijua tu kazi yake haitadumu. Mukono wa baba yenu uko kwako. Unitengenezee, mwanangu. »

Ni yale maneno nilikuwa natamani tangu Kambale afike. Nikasema ndiyo, mama. Sikuweza kumuangalia kwa macho.

Sasa navette iko mbele yangu kwa meza, na kwa kweli sijui kuchonga ncha ya vile. Nimejaribu na soupape ingine, imevunjika kwa mukono. Mutu wa kunionyesha ni Kambale peke yake, na marobe haiwezi kungoja. Kesho nitamupigia. Ataniuliza iliharibika namna gani, na mimi nitamujibu nini?