Isipokuwa Mmoja

Kijijini, njia ya Kwedizinga,
Handeni.
Jumatano asubuhi.

Kwa kaka yangu Ernesti,

Shikamoo kaka. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Loyce, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua tangu baridi ipungue. Mimi mwili ni mzima. Cherehani nayo ni nzima, ila mkanda wake umeanza kulegea kama mwenyewe. Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu nimeiogopa. Nikikusimulia haya kwa simu utacheka kabla sijafika mwisho, nami nitakata, na tutakaa miaka mingine miwili bila kujuliana hali. Kwa hiyo nimempa Kudra wa bodaboda, anayekuja Korogwe kila Jumatano kufuata vipuri, akukabidhi mkononi hapo dukani kwako.

Tangu tuanue matanga ya baba hatujaongea vizuri. Siku ile ulisema zama za baba zimepita, serikali si mama wa mtu, na kila mtu apambane na hali yake. Nami nikakuita bepari mbele ya mchungaji na wakwe zako. Mahali nilipolisemea lile neno nimepajutia. Neno lenyewe bado nalifikiria.

Ila ushindi ni wako, kaka. Siku hizi mawazo yako ndiyo ya kijiji kizima. Nikienda mashineni kusaga nakusikia wewe, nikitoka kanisani nakusikia wewe. Paa la fulani limeezuliwa na upepo? Apambane. Fulani kafiwa na mume na mazao yako shambani? Naye apambane. Mimi wananiita Mama Ujamaa. Zamani walilisema kwa utani, siku hizi wanalisema bila kucheka.

Kwenye mikutano ya kijiji ndiyo usiseme. Mtendaji wetu anapenda sana kumaliza muhtasari wake kwa maneno "kwa kauli moja", na kwa miaka saba nimemharibia. Walipogawana msitu wa kijiji, aliandika "isipokuwa mmoja". Walipoamua uji wa watoto shuleni uwe hiari ya mzazi, akaandika hivyo hivyo. Nilijivunia, sikufichi. Nilijiona mtoto halisi wa baba, Mzee Abraham. Lakini huyo mmoja mkutano ukiisha anarudi nyumbani peke yake. Sare za shule wakaanza kuzipeleka kwa mafundi wa Handeni mjini. Tangu shemeji yako afariki nyumba ni kimya, wakati mwingine nasukuma cherehani bila uzi ili nisikie kitu kinalia. Mwezi wa nne nililala na malaria siku tano, na mtu aliyefungua mlango wangu ni Naisimoi peke yake.

Naisimoi humjui. Ni mke wa Loserian, wa wale wafugaji waliohamia jirani yangu miaka sita iliyopita. Kila asubuhi aliniletea maziwa kwenye kibuyu, nami nilimshonea pindo za mashuka ya nyumba yake. Hatukupimiana.

Sasa kisa chenyewe. Lile lambo unalikumbuka, baba na wenzake walilichimba kwa msaragambo, mbiu inalia na kila nyumba inatoka na jembe. Wewe ulikuwa unabeba maji ya kunywa, mimi nilikuwa mgongoni kwa mama. Mwezi uliopita Godlisten mwenye duka aliomba kijiji kimkabidhi alizungushie uzio, aweke pampu, amwagilie nyanya, na wanakijiji wateke kwa kulipia. Ng'ombe wasisogee. Tena Godlisten si mtu mbaya. Alisema lambo limejaa tope kwa sababu ni la wote, na hapo kaka ana ukweli wake, kwa maana mbiu ya kuzoa tope ilipopigwa mwaka huu tulitokea watu wanne. Mmoja wao alikuwa Naisimoi, ambaye hata hayumo kwenye daftari la wakazi. Wale wafugaji hawajaandikishwa mpaka leo. Mkutanoni huruhusiwa kukaa na kusikiliza, si kunyoosha mkono. Na kiangazi hiki, bila lambo, maji ya karibu ni mwendo wa nusu siku.

Siku moja kabla ya mkutano wa kuamua ombi hilo Naisimoi alikuja na maziwa, akakaa kizingitini, jambo ambalo si kawaida yake. Huniita yeyo, yaani mama kwa kwao. Akaniambia: "Yeyo, sisi pale hatuna mkono. Tuna wako."

Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Lakini wiki ile ile kulikuwa na jambo jingine. Husna wa nyumba ya pili, ambaye tulikuwa hatusemeshani tangu mambo ya msitu, alinitumia sahani ya bada ya muhogo na samaki. Kesho yake akaja mwenyewe kuchukua sahani, akakaa, tukaongea habari za wajukuu wake mpaka jua likapinda. Hadi leo sijui kama alitumwa au alinihurumia. Natamani iwe alinihurumia. Siku ya mkutano alikuwa ameniwekea nafasi kwenye mkeka, katikati ya akina mama. Nilikuwa nimesahau joto la mabega ya watu, kaka. Tukacheka mambo ya kijinga, mmoja akanifunika mtandio wake kwa ajili ya jua.

Mwenyekiti aliposema wanaokubali wanyooshe mikono, wa Husna ulipanda kushoto kwangu. Na wangu ukapanda.

Ndiyo. Mimi, Mama Ujamaa. Ningeweza kukuambia kwamba ulipanda wenyewe kabla sijaamua, lakini ningekuwa muongo. Sikushawishika na hoja ya mtu. Nilichoka tu kuwa mmoja. Naisimoi alikuwa amekaa pembeni na wanawake wenzake, na sikugeuka kumtazama. Mtendaji akasoma kwa sauti kwamba imepita kwa kauli moja, na watu wakapiga makofi. Husna akanifinya mkono.

Tangu hapo nina watu. Wananisalimia mpaka ng'ambo ya barabara, sare nne zimerudi. Kibuyu hakijarudi. Leo siku ya tisa nakunywa chai ya rangi. Juzi nilimpelekea Naisimoi mashuka yake niliyomaliza pindo. Alinipokea vizuri, akajibu salamu zangu zote, akaniuliza afya. Aliniambia tu kwamba Loserian anatafuta pa kuhamia.

Najua ukifika hapa utafurahi. Naomba usifurahi.

Nina ombi moja. Mkutano ujao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kabla ya yote muhtasari utasomwa uthibitishwe. Nataka nisimame niseme kwamba ile kauli haikuwa moja, kwamba mkono wangu ulidanganya, na kwamba kuna watu sita wa nyumba ya Loserian ambao hawakuulizwa. Huenda nguzo za Godlisten zitakuwa zimeshasimama, na huenda wasinisikilize. Nitasema hivyo hivyo. Ila sijiamini tena. Nikiwaona wamenitandikia mkeka, nitakaa.

Njoo, kaka. Sikuombi ukubaliane nami. Ukitaka kunyoosha mkono wako huo wa kibepari kupinga, utanyoosha, kama watakuruhusu mtu wa mjini. Kaa tu kushoto kwangu mpaka nimalize kusema.

Mpe wifi Loyce salamu zangu nyingi, umwambie lile gauni lake la harusi ya Kelvini nimelikata tayari, bado kulijaribisha. Wapwa zangu wote nawapa pole ya masomo. Mungu akulinde na barabara ya kuja huku.

Ni mimi mdogo wako,
Asnath.