Mianzi Yenye Mkia

3 Machi. Asubuhi ukungu mzito; hata paa la banda la mbao silioni.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje huko kwa kaka? Kaka ameniandikia kwamba umeshagombana na magongo. Huku sote wazima, na mama anakusalimu.

Ofisi ya misitu imejibu. Wametupa ekari moja ya majaribio. Tukitoa magogo bila kuchubua zaidi ya miti mitano katika kila mia inayobaki, kazi ya kupunguza miti kilima chote ni yetu kwa miaka minne. Tukizidisha, anapewa mwingine, na sisi tubaki kuchana mbao za watu. Bwana misitu anakuja tarehe 15 Aprili. Mwaka jana trekta lako na tela lake vilichubua miti thelathini na mmoja. Niliihesabu nikaiandika, ukaninunia siku mbili.

Safari hii sitaki trekta. Muuzaji ana mashine mbili za kubebea magogo, kila moja na kreni yake humo humo, kwa hiyo gogo linapanda mgongoni badala ya kuburutwa hadi kwenye tela. Kubwa inabeba tani kumi. Ndogo inabeba tani tatu, ina matairi manane mapana, na upana wake mita moja na nusu tu. Miti ya kuondolewa tumeshaiangusha, bado kukatwa vipande. Basi nimekata mianzi miwili, kila mmoja sawa na upana wa mashine moja, nikapaka ncha zake chokaa mbichi. Mapacha wa shangazi wakaibeba kwa kuikingamisha, wakapita kila kijia na kila kona. Mti ulioguswa ulibaki na doa jeupe. Mwanzi wa mashine kubwa uligusa miti sitini na minne. Wa ndogo, mitatu.

Nachagua ndogo. Ila kampuni iko kwa jina lako, na muuzaji anataka saini yako kwenye fomu niliyoambatisha.

Binti yako

10 Machi

Binti yangu, Bi Kipimo,

Marahaba. Nyonga inauma nikikaa, inauma nikisimama. Nikilala, kaka yako anakuja kuchungulia kama bado napumua.

Tani tatu! Umechagua mashine au kitu cha watoto kuchezea? Nimetoa magogo miaka thelathini na miwili na trekta halijawahi kunitupa. Wewe unatembeza mianzi msituni kama unapima pazia. Sisaini. Waambie mapacha chokaa hiyo wakapake choo.

Mama yako mwambie nakula vizuri.

Baba yako

13 Machi. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba,

Shikamoo. Pole na maumivu. Sitabishana nawe. Katika kifurushi hiki kuna kipande cha mti wa nne kutoka barabarani, mmoja wa wale thelathini na mmoja. Tumeukata jana. Ulipochubuliwa pameoza hadi moyoni; bonyeza kwa kidole utaona. Mti huo uliupanda wewe mwaka niliozaliwa.

Binti yako

29 Machi

Binti yangu,

Hamjambo? Mimi afadhali, nafika hadi mlangoni na gongo moja.

Najua umehesabu siku za ukimya wangu. Kile kipande kipo dirishani. Nimekibonyeza, na kidole kilizama hadi kwenye ukucha. Kaka yako alitaka kukitupa, nikamwambia atatangulia yeye.

Sasa sikiliza, maana kipimo chako kina kosa, na ni kosa la mtu asiyewahi kukata kona na mzigo. Mwanzi wako hauna mkia. Magogo ya mita nne yanachomoza nyuma ya mashine. Ukikata kona kushoto, ncha zake zinafagia kulia. Mimi nilichubua kwa mkia, si kwa matairi. Nilikuwa naangalia mbele. Sijawahi kumwambia mtu.

Fungeni mianzi iwe fremu, ndefu kama mashine pamoja na mzigo, mpake chokaa kwenye mkia. Mkizidi mitano kwa mia, fupisheni magogo, msikate miti zaidi.

Fomu hii hapa. Nimeisaini.

Baba yako

15 Aprili. Asubuhi anga safi, umande mwingi, ardhi laini.

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena!

Ulisema kweli. Kwa magogo ya mita nne, mkia wa fremu uligusa miti arobaini na mmoja. Tukayakata mita tatu, ukagusa minne. Kona mbili tukazipanua kwa kupitia penye visiki vifupi, hata hiyo minne ikanusurika.

Bwana misitu alikuja na kopo la rangi nyekundu ya kutilia alama majeraha. Akauliza, “Dereva yuko wapi?” Nikamjibu, “Umeshamsalimia.” Nimepiga safari kumi na moja, yeye akinifuata kwa miguu, na kila kona niliangalia nyuma kwanza. Matairi hayakuzama hata pale bondeni. Miti iliyobaki ni mia mbili na themanini, na yote aliizunguka mmoja mmoja.

Mwishoni akarudisha gari lake nyuma ili ageuze, likagonga mti puu! Gome likatoka kipande cha ukubwa wa kiganja. Mapacha wakapiga kelele, “Huo uandike kuwa wako, mzee!” Alicheka hadi akashika mlango. Kisha akaandika mbele yetu: “Mashine, sifuri. Gari la ofisi, mmoja.” Akasaini.

Kilima ni chetu, Baba. Miaka minne. Mama ameimba hadi sauti imekauka. Bwana misitu aliuliza nani alinifundisha kukata kona, nikampa jina lako akaliandika kwenye ripoti.

Namalizia barua hii asubuhi ya tarehe 16, maana jana kalamu ilinidondoka. Mama anasema nililala saa moja na dakika ishirini jioni, na viatu miguuni.

Binti yako