Kidole Nilichokipeleka Kulia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha mtaa, Chiayi, Taiwan
Jumamosi, 9 Novemba 2024, saa kumi na robo jioni

Jina: Tseng Hsiuluan. Umri: miaka 66. Kazi: mwenye duka la kukodisha vitabu vya katuni. Makazi: juu ya duka hilo hilo, nyuma ya soko. Mjane.

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Bw. Kuo Tsungming, fundi wa lifti, aliyekamatwa leo mchana akidaiwa kumfuatafuata binti yangu, Yeh Ssuyun, muuguzi wa kliniki ya meno. Bw. Kuo hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Mnamo tarehe 6 Novemba, Jumatano, saa moja jioni, Ssuyun alirudi kutoka kazini akaingia kuoga. Simu yake aliiacha mezani ikiwa wazi. Macho hayana pazia. Niliona picha ya mwanamume, na chini yake jina, umri na kazi. Binti yangu ana miaka thelathini na minne, na kila nikimuuliza habari za kuolewa hunijibu, "Mama, we kodisha vitabu vyako." Nikaivuta simu, nikavaa miwani.

Vitabu vya dukani kwangu vimeshonwa upande wa kulia. Maandishi yanashuka kutoka juu, na ukurasa ukishausoma unausukuma kulia upate unaofuata. Nimefanya hivyo tangu darasa la kwanza. Basi nikaweka kidole juu ya yule bwana nikamsukuma kulia, akaja mwingine. Huyo naye nikamsukuma. Wengine walikuwa wamevua mashati, hao niliwapitisha upesi. Mimi nilikuwa nafungua kurasa tu, sikujua kwamba kila ninayempitisha nimemkubali bila kukusudia.

Mara simu ikalia. Ni Bw. Kuo, namkumbuka kwa masikio yake makubwa, ameandika: "Asante kwa kunikubali. Umekula?" Sikuelewa ananishukuru nini. Lakini mtu akikuuliza kama umekula, humwachi hewani. Nikaandika, "Nimekula. Wewe je? Jumamosi mchana pita tule." Kwetu maneno hayo husemwa na kila mtu, na hakuna anayekuja kweli. Akauliza kama kliniki inayoonekana kwenye picha ya Ssuyun ni ile ya karibu na stesheni. Nikajibu ndiyo.

Nikasikia ndala za Ssuyun. Nikabonyeza huku na huku mpaka simu ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta. Nikabonyeza ndiyo. Yule bwana na maneno yetu yote wakatoweka. Hapa kituoni nimeambiwa kwamba maneno hayo yalifutika hata kwenye simu yake.

Leo saa sita na nusu mchana nilikuwa kliniki, nimempelekea Ssuyun supu. Bw. Kuo akaingia na sare yake ya kazi, ameshika vifurushi viwili vya wali wa bata mzinga.

"Ssuyun? Ni mimi, Kuo. Nimeleta chakula."

"Kuo gani? Mimi sikujui."

"Si ulisema Jumamosi nipite tule? Na wewe mwenyewe uliniswipe kulia."

"Mimi? Nikuswipe wewe?"

Mgonjwa mmoja, shavu limevimba, akasema, "Kaka, panda ghorofa nyingine, hapa lifti yako haisimami." Watu wakacheka.

Ssuyun hakucheka. Mwaka jana mgonjwa fulani alimfuata hadi kwenye ngazi za nyumba yetu, na tangu hapo hutembea funguo mkononi. Akapiga simu polisi.

Bw. Kuo hakukimbia. Askari walipokuja alifungua simu awaonyeshe, hakukuwa na kitu. Akatafuta tena. "Yalikuwepo," alisema. "Jamani, yalikuwepo." Askari akamwambia, "Twende, utayatafutia kituoni." Alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa mtu mzima kuliko wote pale, labda akidhani nitamsemea. Nilikuwa nimeshamtambua. Nikainama nikafunika sufuria ya supu. Niliogopa binti yangu asije akajua kwamba nilipekua simu yake. Sababu ni hiyo tu.

Walipoondoka nilimuuliza msichana wa mapokezi, "Hiyo swipe ndiyo nini?"

"Neno la Kiingereza hilo, Mama. Kupitisha kidole kwenye kioo cha simu, kwenye programu za kutafuta wachumba. Ukimpeleka mtu kulia, umempenda. Kushoto, aende zake."

"Na anayewapeleka wote kulia?"

"Huyo ana njaa, Mama." Akacheka.

Uso ulinishuka. Njaa hiyo niliiandika kwa jina la mwanangu.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nilipofika hapa, Bw. Kuo alikuwa kwenye benchi la ukumbini, askari pembeni yake, anaongea na simu. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, bosi. Naelewa, bosi. Mtu wa kesi kama hii haingii majumbani mwa watu. Kitambulisho cha kazi nitakirudisha Jumatatu." Alikata simu, akaniamkia kwa heshima na kusogea ili nikae. Sikuweza kukaa.

Naomba aachiwe, na bosi wake aelezwe na polisi, si na mimi, maana mimi nani ataniamini. Ssuyun sijamwambia. Najua mtamsomea haya. Na ayasikie.

Sina la kuongeza. Nimesema niliyoyatenda.

(Sahihi) Tseng Hsiuluan

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi karatasi hii kwa sauti. Nilikuwa nimeandika "bila kukusudia" mahali pawili: alipopeleka kidole kulia, na alipomwona Bw. Kuo akichukuliwa akanyamaza. Shahidi amekubali pa kwanza. Pa pili ametaka maneno hayo yafutwe. Nimemweleza kwamba yanamsaidia, amesema yafutwe hivyo hivyo. Nimeyakata kwa mstari mbele yake, naye ametia dole gumba juu ya mstari.

Askari Hsieh Wenkai