Mkono Usioachia

Jumatatu, 3 Juni
Baridi tena. Nimeamka kabla ya wenzangu, nikafumba na kufumbua vidole ndani ya blanketi mpaka vikalainika. Kila asubuhi hivyo. Kisha kamba. Kazi yangu hapa Geita ni kuwateremsha wachimbaji kwenye duara, shimo la dhahabu, na kuwapandisha. Mkono ukishapata moto haunisumbui. Mshiko wa kwanza ndio mbaya. Nataka kuachia, vidole vinakataa.
Wenzangu hawajui. Asubuhi simpi mtu mkono, nawasalimu kwa mbali. Masanja, ninayemteremsha mimi, anasema ni mwiko wa dawa. "Huyu Mgogo kachanjwa mikono huko kwao Mpwapwa. Kamba haimponyoki!" Wanacheka, lakini kila mmoja anataka nishike kamba yake. Nawaacha waamini. Sifa hiyo inanilisha.

Ijumaa, 7 Juni
Shinyanga. Zahanati ilinituma kwa daktari anayetafiti magonjwa ya misuli yanayorithiwa. Mama mpole, macho makali. Alinipa mkono tu. Ukanasa. Hakuvuta. Aliangalia vidole vyangu vikifunguka kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyeona aibu.
Akauliza habari za baba. Jembe lilikuwa linamganda mkononi, watu wakamwita mvivu. Daktari anasema si uvivu wala kulogwa. Msuli unakaza, halafu unachelewa kulegea. Ugonjwa umo kwenye ukoo. Anatafuta familia kama yetu ili auelewe. Amechukua damu yangu, anataka na ya ndugu zangu.
Kisha akasema: "Usishike kamba yenye mtu. Waambie wenzako."
Rahisi kwake. Nikisema, nani atanipa kazi?

Jumatatu, 10 Juni
Sijasema. Naipasha mikono moto kwenye jiko la mama lishe kabla ya kushika kamba. Masanja akivaa mkanda, nakagua fundo lake mara mbili.

Alhamisi, 13 Juni
Mama lishe hakuja. Hakuna moto. Masanja ana haraka. Nikashika hivyo hivyo.
Katikati ya shimo udongo ukaanza kumeguka juu yake. Nikashtuka, nikaibana kamba. Akapiga kelele: "Teremsha! Niingie njia ya pembeni! Teremsha, we!" Vidole vikakataa. Nikaking'ata kidole gumba ili kifunguke. Nikasikia jiwe likimpiga. Ndipo mkono ukaachia, nikamteremsha mpaka njia ya pembeni.
Yuko hai. Bega limevunjika. Wanasema kamba ilikwama.
Kamba haikukwama.

Ijumaa, 14 Juni
Nimesema. Wote walikuwepo, na mwenye duara. Baba, jembe, daktari, kila kitu. Mmoja akatema mate. Mwenye duara kanitoa kwenye kamba, nitaponda mawe. Malipo kidogo. Sawa. Nyundo ikininasa mkononi haimuui mtu.
Masanja ameshaambiwa huko hospitalini. 

Jumapili, 30 Juni
Jana nilimpigia mama. Ndugu zangu wamekubali kutoa damu. Kaka mdogo aliuliza kwa sauti ya chini kama vidole vyake kuganda asubuhi ni ugonjwa huo huo.
Leo Masanja amerudi, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Baridi kali. Nilimsalimu kwa mbali kama kawaida. Akaja mpaka kwenye rundo langu la mawe, akanyoosha mkono wake mzima.
"Lete, Mgogo."
Nikampa. Ukanasa.
Hakuvuta. Alianza kunisimulia chakula cha hospitali. Uji hauna sukari, ugali umepoa. Vidole vilifunguka alipofika kwenye maharage.