Bawa Lililoungua

Mtaa wa Masonara,
Augsburg,
9 Machi 1611

Mpendwa kaka Lienhard,

Habari za huko Lisbon? Kifua chako je, kimepata nafuu? Sisi hatujambo, ila mume wangu Kaspar macho yanamsumbua na hataki kukubali kwamba amezeeka.

Kaka, juzi nililia mbele ya mteja, na unajua mimi si mwepesi wa machozi. Bibi Walburga alileta kidani cha mama yake tukiyeyushe. Siku hizi wanawake wa mjini hawataki tena ndege wala nguva, wanataka mawe matupu yanayong'aa. Alipofungua kitambaa nikamwona yule ndege wa baba, mwenye kifua cha lulu iliyopinda na bawa moja jeusi.

Ndiyo, bawa lako. Lile ulilolisahau tanuruni hadi rangi ya kijani ikaungua, baba akakwambia huna mkono wa usonara, nawe ukafunga virago. Miaka kumi na tisa umeamini kwamba alilitupa akatengeneza jingine.

Nikamwambia Bibi Walburga, "Samahani mama, hili bawa ni aibu ya nyumba yetu."

Akacheka. "Aibu gani? Ndilo lililotuokoa. Mama alipofariki, shangazi zangu walidai kidani ni chao. Ilipofunguliwa orodha ya mali yake, kimeandikwa: ndege mwenye bawa lililoungua. Wakanywea."

Kaspar alipolifungua bawa ili ayeyushe, akaniita. Kwa ndani, kando ya mhuri wa baba, pamechorwa maneno kwa sindano: "Bawa hili ni la mwanangu Lienhard. Mtu asilibadilishe."

Mzee mkaidi yule! Ameiandikia dhahabu, wewe hakukuandikia hata mstari mmoja. Nilimkasirikia, kisha nikamwonea huruma, maana hadi siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama kuna barua kutoka Lisbon. Nawe hukumwandikia yeye. Mmefanana.

Ujira sikuchukua. Nilimwomba Bibi Walburga anipe bawa tu, akasema, "Mpelekee huyo Lienhard, ni lake." Ndege aliyebaki aliyeyushwa jana. Nilitoka nje nisione.

Bawa limeshonwa ndani ya kitambaa kilichofunga barua hii. Fumua taratibu, kisha uligeuze.

Nisalimie wifi yangu Violante na mpwa wangu Brites. Mungu awalinde, akulainishie na moyo. Kaspar haoni tena kazi ndogondogo, na kwenye kiti chako cha dirishani hatujamkalisha mtu.

Dada yako akupendaye,
Apolonia